Video ya kamera ya polisi: itamwokoa mwanangu au itammaliza?

*"Mwanangu ana miaka 22. Sisi ni Wakongo, tulikuja Houston kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa wote tuna kadi za ukaazi. Miezi miwili iliyopita, akitoka kazini usiku, polisi walimsimamisha karibu na kituo cha mafuta kwa sababu taa moja ya nyuma ya gari haikuwaka. Nilikuwa naye kwenye simu. Akaiacha simu hewani juu ya kiti, nikamsikia akilia kwamba mkono unamuuma. Ripoti inasema alikubali gari lipekuliwe, kisha akamsukuma ofisa alipokuwa akifungwa pingu. Yeye anasema hakukubali upekuzi wala hakumsukuma mtu, alijivuta tu. Garini hawakukuta kitu. Ameshtakiwa kwa kupinga kukamatwa. Maofisa walikuwa wawili, kila mmoja na kamera kifuani, lakini wakili aliyepewa na mahakama ametuonyesha kipande cha dakika nne tu, na mwanzoni hakina sauti. Anasema mwendesha mashtaka yuko tayari kijana akiri, akae mwaka mmoja chini ya uangalizi, na hatia isiandikwe. Kanisani wengine wanasema video imekatwa. Wengine wanasema tuipate tuiweke mtandaoni, kesi itafutwa. Tena hakusomewa haki zake. Mahakamani ni wiki tatu zijazo. Tufanye nini?"*

Mama, pole sana. Kumsikia mtoto akilia kwenye simu na huwezi kufika alipo ni jambo zito, na sitajifanya kwamba maelezo ya sheria yatalipunguza. Ila katika barua yako kuna mambo manne au matano yaliyochanganyika, na mengine yanawapeleka njia isiyo yake. Nitayachambua taratibu. Mimi ni wakili wa utetezi hapa Texas, lakini si wakili wa mwanao na hiyo video sijaiona, kwa hiyo ninayosema yawape maswali ya kumuuliza wakili wake. Yeye ndiye mwenye kesi.

Jibu la haraka ni hili: kijana asikiri kitu chochote mpaka wakili awe ametazama rekodi zote za maofisa wote wawili, mwanzo hadi mwisho, na mpaka mwanao awe amekaa na wakili wa uhamiaji. Wakati huohuo, msiingie mahakamani mkiamini kwamba video iko upande wenu. Kuna mahali katika barua yako ambapo video inaweza kumuumiza, na nitafika hapo.

Nianze na ule ukimya wa mwanzoni, maana ndio umewatia watu shaka. Kamera hizi hazianzi kazi pale kitufe kinapobonyezwa. Ofisa akiwa zamu, kamera inachukua picha muda wote na kuzifuta, ikibakiza kipande kifupi cha nyuma. Akibonyeza kitufe, kipande hicho kinaunganishwa na rekodi mpya. Kwa kamera za Axon, kampuni inayoziuzia idara nyingi sana za Marekani, kipande hicho kwa kawaida ni sekunde 30, idara ikitaka inaweza kukirefusha, na kwa kawaida hakina sauti. Kwa hiyo kama ukimya mliouona uko mwanzoni kabisa, na sauti ikaingia ghafla, yaelekea ndivyo kamera ilivyopangwa. Hakuna aliyeikata.

Na sekunde hizo za kimya msizidharau. Mwaka 2017 huko Baltimore, ofisa mmoja aitwaye Richard Pinheiro alionekana kwenye video akiweka kifuko cha dawa za kulevya katikati ya takataka, akaondoka na wenzake kwenda barabarani, kisha akawasha kamera na kurudi "kukigundua". Alisahau kwamba kamera ilikuwa imeshahifadhi sekunde 30 kabla hajabonyeza. Walioliona hilo ni mawakili wa umma wa utetezi, waliokaa wakaitazama video tangu sekunde ya kwanza. Mashtaka dhidi ya mtu aliyekamatwa yalifutwa. Ofisa alijitetea kwamba alikuwa akiigiza upya jinsi alivyokipata kweli, na mwaka 2018 mahakama ilimtia hatiani. Kwa mwanao, sekunde hizo zinaweza kuonyesha mikono yake ilikuwa wapi na ofisa alimkaribia vipi kabla neno lolote halijasikika.

Kuhusu kukatwa: wasiwasi huo naufahamu, lakini mara nyingi unaelekezwa mahali pasipo tatizo. Rekodi ikishapakiwa kwenye hifadhi ya idara, faili la asili hubaki kama lilivyo, na ofisa hawezi kulikata kama tunavyokata video za harusi kwenye simu. Kipande cha dakika nne mlichoona bila shaka kimetolewa kwenye faili refu zaidi, kwa sababu kusimamishwa, upekuzi, pingu na safari ya kwenda jela haviishi kwa dakika nne. Mfumo wenyewe huweka kumbukumbu ya nani alifungua faili, lini, nani alitengeneza kipande na nani alikipokea. Wakili anaweza kuidai kumbukumbu hiyo, na mimi huona ajabu kwamba mawakili wengi hawaidai. Humo utajua, kwa mfano, kama ofisa aliitazama video kabla ya kuandika ripoti yake au baada yake. Sheria ya Texas inampa ofisa haki ya kuitazama rekodi kabla ya kulazimika kutoa maelezo. Ripoti inayolingana na video neno kwa neno huenda inalingana kwa sababu iliandikwa video ikiwa mbele ya macho. Na kama aliandika bila kuitazama, na bado akaandika "alinisukuma", basi tofauti kati ya maneno yake na picha ina uzito mkubwa zaidi.

Matatizo ya kweli ninayokutana nayo ni ya namna nyingine. Kamera ya ofisa wa pili haikuombwa. Au iliwekwa lebo isiyo sahihi. Sheria ya Texas inataka rekodi zihifadhiwe angalau siku 90. Zinazohusu kesi ya jinai hukaa muda mrefu zaidi, lakini mfumo unajuaje kwamba rekodi fulani ni ya kesi ya jinai? Kwa lebo anayoichagua ofisa. Ofisa wa kwanza akichagua "ukamataji" na wa pili akachagua "kusimamisha gari", ya pili inaweza kufutwa yenyewe siku zake zikiisha. Ninyi mko kwenye mwezi wa pili. Ndiyo maana wiki hii, si wiki ijayo, wakili anapaswa kuiandikia idara ya polisi na ofisi ya mwendesha mashtaka barua ya kutaka kila rekodi ihifadhiwe: kamera za kifuani za wote wawili, kamera ya mbele ya gari la polisi, ile ya kiti cha nyuma cha gari hilo, na sauti za redio.

Ikiwa rekodi imeshafutwa, au kamera ilizimwa, je? Hapa watu wengi huvunjika moyo. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1988, katika kesi ya Arizona dhidi ya Youngblood, kwamba polisi wakipoteza ushahidi ambao *huenda* ungemsaidia mshtakiwa, haki yake ya kikatiba haijavunjwa mpaka athibitishe kwamba walifanya kwa nia mbaya. Uzembe peke yake hautoshi, na nia mbaya ni ngumu mno kuithibitisha. Hata hivyo wakili anaweza kumsimamisha ofisa mbele ya juri, yaani raia wanaochaguliwa kuamua kesi, na kumuuliza kwa nini kamera ilizimwa. Tangu 2021 Texas ina sheria yenye jina la Botham Jean, kijana aliyeuawa ndani ya nyumba yake Dallas mwaka 2018, inayotaka kamera ibaki imewashwa muda wote ambao ofisa anashiriki kwenye uchunguzi. Kwa hiyo swali hilo lina msingi wa sheria, na juri husikia jinsi linavyojibiwa.

Sasa, kwa nini nasisitiza kamera ya ofisa wa pili? Kwa sababu kamera ya kifuani haimwoni aliyeivaa. Hilo linasikika dogo lakini ndilo lililobeba kila kitu. Ofisa akimshika mwanao, kamera yake itaonyesha kitambaa cha shati, kiwiko, lami, taa zikizunguka. Picha inatikisika, na mtikisiko huo unaifanya purukushani ionekane kali kuliko ilivyokuwa. Nguvu anazotumia ofisa hazionekani. Kinachoonekana ni mwili wa mwanao ukihangaika. Watafiti wa Marekani walichapisha matokeo mwaka 2019 baada ya kuwaonyesha watu matukio yaleyale, wengine kwa kamera ya kifuani, wengine kwa kamera ya gari. Walioona ya kifuani waliona kwamba ofisa hakukusudia sana alichokifanya, kwa kuwa mwili wake haukuonekana kwenye picha. Na utafiti mwingine wa 2016 uligundua kwamba video ikipunguzwa kasi, watazamaji huona makusudi zaidi kwa yule anayetazamwa. Mwendesha mashtaka akitaka kuwaonyesha juri kipande kwa mwendo wa polepole, wakili apinge.

Kamera ya ofisa wa pili ndiyo inayomwona wa kwanza, na kamera ya kituo cha mafuta huenda inawaona wote watatu. Kule Memphis, Januari 2023, Tyre Nichols alipopigwa na polisi, kamera za kifuani zilijaa sauti za maofisa wakimfokea atoe mikono. Kamera iliyokuwa juu ya nguzo ya mtaa, isiyo na sauti hata kidogo, ndiyo iliyoonyesha waziwazi kwamba alikuwa ameshikwa na anapigwa. Kwa hiyo ukisikia kwenye video ya mwanao ofisa akipaza sauti "acha kupinga!", usichukulie kwamba alikuwa anapinga. Ofisa naye anajua kamera inasikia.

Na usidhani wingi wa video unamaliza ubishi. Patrick Lyoya, mkimbizi kutoka Kongo kama ninyi, alisimamishwa barabarani huko Grand Rapids, Michigan, mwezi Aprili 2022, akapigwa risasi na ofisa akiwa amelazwa kifudifudi. Kamera ya kifuani ilizimika katikati ya purukushani. Zilikuwepo video nyingine, ya gari la polisi, ya mlangoni kwa jirani, na ya simu ya abiria wake, na hiyo ya simu ndiyo iliyonasa risasi. Ofisa alishtakiwa, na mwaka 2025 juri ilitazama zote na ikashindwa kukubaliana. Kesi haikurudiwa. Najua jina hilo linawauma wengi katika jamii yetu. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba picha ileile, watu waaminifu wanaweza kuitazama na kutoka na majibu mawili.

Twende kwenye lile jambo gumu nililoahidi. Umeandika kwamba mwanao "alijivuta tu", kana kwamba kujivuta ni kinyume cha kosa. Sheria ya Texas inasema anapinga kukamatwa yule ambaye kwa makusudi anamzuia ofisa asimkamate au asimpekue, kwa kutumia nguvu dhidi yake. Mahakama ya juu ya jinai ya Texas iliamua mwaka 2016 kwamba kuvuta mikono kinyume na ofisa anayejaribu kukufunga pingu kunaweza kuhesabiwa kuwa ni nguvu. Si lazima usukume wala kupiga. Na sheria hiyohiyo inasema waziwazi kwamba hata kama kukamatwa kwenyewe hakukuwa halali, huo si utetezi. Kwa hiyo ukiweka mtandaoni, "mwanangu alijivuta tu", unaweza kuwa unamwandikia mwendesha mashtaka nusu ya kesi yake.

Lakini ipo milango miwili. Wa kwanza ni hilo neno "makusudi". Mtu aliyekunjwa mkono ukamuuma, mwili ukaruka wenyewe kwa maumivu, hajakusudia kumzuia yeyote. Wa pili haujulikani sana: sheria ya Texas inamruhusu mtu kujikinga na ofisa ikiwa ofisa, *kabla* mtu huyo hajapinga, alitumia nguvu kuliko ilivyohitajika, na mtu akajikinga kwa kiasi tu. Milango yote miwili inafunguka au kufungwa kwa mpangilio wa matukio. Alilia kwanza ndipo akajivuta? Au alijivuta, akashikwa kwa nguvu, ndipo akalia? Tunazungumzia sekunde mbili au tatu. Ripoti ya polisi haiwezi kuzitenganisha, kumbukumbu ya kijana aliyeogopa haiwezi, lakini video mbili zenye sauti, zikiwekwa sambamba, zinaweza. Ndipo utaona kwa nini dakika nne za kamera moja hazitoshi hata kama zinaonekana wazi.

Mkizipanga sambamba, mwangalie saa. Kamera nyingi za Axon huandika pembeni saa za kimataifa, ambazo ziko mbele ya Houston kwa saa 5 wakati wa kiangazi na 6 wakati wa baridi. Nimeona familia ikishtuka kwamba tarehe ya video si ya siku ile. Ni hesabu tu. Na wewe ukitoa maelezo yako, taja saa kwa namna ya hapa, maana ukisema "saa nne usiku" na mkalimani akakosea, mtajikuta mnazungumzia alfajiri.

Kuhusu ridhaa ya upekuzi: kwa kuwa hawakukuta kitu garini, hakuna ushahidi wa kuondoa, kwa hiyo ushindi hapo hauiui kesi moja kwa moja. Faida yake ni ya namna nyingine. Ikiwa video inaonyesha kwamba hakukubali, basi ripoti imepotoka mahali pamoja, na juri itauliza imepotoka wapi kwingine. Ila sikilizeni kwa makini alichojibu. Vijana wengi waliokulia kambini wamezoea kumwitikia mwenye mamlaka kwa upole, "ndiyo, ndiyo", kuonyesha kwamba wamesikia. Ofisa wa Houston akiuliza kama anaweza kuangalia ndani ya gari, na kijana akaitikia hivyo kwa Kiingereza, kwake hiyo ni ruhusa. Sheria hupima ridhaa kwa kuangalia mazingira yote, na uwezo wa lugha ni sehemu ya mazingira hayo, lakini wakili lazima ajue kulileta. Hatalijua kama hamjamwambia Kiingereza cha mwanao kikoje akiwa na hofu.

Tena, alikuwa anazungumza na wewe kwa Kiswahili. Kamera iliyokuwa dirishani huenda imenasa maneno yake, labda hata sauti yako. Kwenye maandishi ya upande wa mashtaka, sehemu kama hizo mara nyingi hujazwa "lugha ya kigeni" na kurukwa. Humo ndimo linaweza kukaa lile neno "mkono unaniuma" kabla ya kujivuta. Mwombeni wakili atafute mkalimani mwenye leseni ya mahakama aandike tafsiri yenye alama za muda, na awe mtu anayekielewa Kiswahili cha Nyarugusu, chenye Kibembe ndani yake. Mkalimani mzuri wa Dar es Salaam anaweza kupitwa na neno moja ambalo kesi nzima imelalia. Na upande wa pili wa jambo hilohilo: kiti cha nyuma cha gari la polisi kina kamera, na simu za jela hurekodiwa. Alichosema kwa Kiswahili akidhani hakuna anayeelewa kinaweza kutafsiriwa.

Hakusomewa haki zake. Hili halifuti kesi, mama, hata kama sinema zimetufundisha hivyo. Onyo hilo, kwamba ana haki ya kunyamaza na kuwa na wakili, linahitajika polisi wanapomhoji mtu aliye mikononi mwao. Kama hawakumhoji, hakuna cha kuondoa. Kama walimhoji akiwa na pingu, hapo Texas ni kali kuliko majimbo mengi: kauli ya mdomo ya aliyekamatwa, inayotokana na mahojiano, kwa kawaida haikubaliki mahakamani ila iwe imerekodiwa, na onyo lenyewe lisikike kwenye rekodi.

Sasa video yenyewe mnaipataje? Si kwa kuiomba polisi kama raia. Njia hiyo ipo, inataka utaje tarehe, saa ya kukadiria, mahali, na jina la mtu anayehusika, lakini kesi ikiwa inaendelea mara nyingi hukataliwa. Njia yenu ni wakili. Texas ina sheria inayoitwa kwa jina la Michael Morton, mtu aliyekaa jela karibu miaka 25 kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyafanya, akaachiwa mwaka 2011 baada ya vipimo vya DNA, huku ikibainika kwamba ushahidi wa kumsaidia haukutolewa kwa watetezi wake. Tangu 2014, mwendesha mashtaka anapaswa kufungua faili lake mara mtetezi anapoomba. Zingatia: *anapoomba*. Swali lenu la kwanza kwa wakili ni kama ombi hilo limeshapelekwa, na kama limetaja kamera za maofisa wote wawili. Na chochote kinachoelekea kumwondolea mwanao hatia, mwendesha mashtaka analazimika kukitoa hata asipoombwa. Msingi wa hilo kwa nchi nzima uliwekwa na kesi ya Brady dhidi ya Maryland ya 1963, kesi za baadaye zikaupanua, na "sikujua, kilikuwa kwa polisi" si kisingizio.

Sheria hiyohiyo ya Morton inakataza wakili kuwapa mteja au mashahidi nakala. Anaweza kuwaonyesha, basi. Kwa hiyo akiwakatalia kuipeleka nyumbani, hafichi kitu, anatii sheria. Hilo linamaliza pia wazo la mtandaoni. Watu wa kanisani wana nia njema, lakini wanakumbuka video zilizoleta haki na kusahau zile zilizowapa mashahidi wa upande wa pili nafasi ya kupanga maneno. Mkipata ya kituo cha mafuta, hiyo mnaweza kuwa nayo, na bado ipelekeni kwa wakili bila kuituma kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la familia. Nendeni leo. Mifumo mingi ya madukani hujifuta baada ya siku au wiki chache, na miezi miwili inaweza kuwa imepita kiasi. Kama mwenye duka anasita kuitoa, mwambieni tu asiifute, kisha wakili atafuata na hati ya mahakama.

Yamebaki makubaliano ya kukiri. "Hatia isiandikwe" ni kweli kwa upande wa Texas: jaji anaahirisha hukumu, kijana akimaliza masharti kesi inafungwa bila hatia. Lakini sheria ya uhamiaji ni ya serikali ya shirikisho na ina macho yake. Kwake, mtu akikiri na jaji akamwekea masharti yoyote, *ametiwa hatiani*, hata Texas ikisema hapana. Mwanao ana kadi ya ukaazi, hana uraia. Sisemi kwamba kosa hili litamfukuza nchini, maana hilo linategemea maneno ya shtaka, muda wa adhabu na historia yake, na adhabu iliyosimamishwa nayo huhesabiwa. Nasema asisaini kabla wakili wa uhamiaji hajasoma shtaka lenyewe. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky ya 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kikatiba kumweleza mteja hatari za uhamiaji, kwa hiyo kumuuliza si utovu wa adabu. Muulizeni pia kama kaunti ina mpango wa kuelekezwa nje ya mashtaka *bila kukiri*, yaani kijana atimize masharti na kesi ifutwe, kwa sababu huo kwa uhamiaji ni kitu tofauti kabisa. Na akikiri, madai yoyote ya baadaye kwamba polisi walimuumiza yanaweza kukwama.

Je, kupambana ni bora? Sijui mpaka video zote zionekane, na wakili anayekuahidi ushindi kabla ya hapo mwogope. Kosa hili ni la daraja A, hadi mwaka mmoja jela ya kaunti na faini ya hadi dola 4,000. Kama video ya pili inaonyesha mkono ukikunjwa kwanza, mwendesha mashtaka mwenyewe huenda akalegea. Kama inaonyesha kijana akijitupa na kupigana, makubaliano yaliyorekebishwa vizuri na wakili wa uhamiaji yanaweza kuwa busara. Wiki tatu si nyingi, lakini kuomba kesi iahirishwe kwa sababu ushahidi haujakamilika ni jambo la kawaida. Na kabla ya kukiri, Texas inataka pande zote zikubali kwa maandishi au mbele ya jaji orodha ya ushahidi uliotolewa. Mwanao aombe kuiona. Kama orodha ina kamera moja tu, asisaini.

Mkono wake umepimwa? Kama bado unamsumbua, aende kwa daktari sasa, aeleze lini ulianza kuuma. Picha mlizopiga usiku ule zisifutwe kwenye simu, hata zenye ukungu.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe. Ulikuwa kwenye simu, ukasikia. Wewe ni shahidi, mama, si mzazi tu. Rekodi ya muda wa simu yenu kwenye bili yako inaweza kuonyesha mazungumzo yalianza na kuisha lini, ikalinganishwa na saa za kamera. Andika ulichosikia, kwa mpangilio ulivyokisikia, kwa Kiswahili chako, ukaipeleke karatasi hiyo kwa wakili na si kwa mtu mwingine. Usimtumie mwanao ujumbe kuhusu usiku ule, kwa sababu mazungumzo yenu hayana kinga kama ya wakili na mteja wake. Usiitazame tena video mpaka wakili akuambie, maana utaulizwa kama unasema ulichosikia au ulichokuja kukiona. Na kesi ikifika kusikilizwa, usishangae ukiamriwa kusubiri nje: shahidi hakai ndani akiwasikiliza wenzake kabla ya zamu yake. Tafuteni mapema ndugu mwingine atakayekaa nyuma ya kijana siku hiyo.